Baba Aliyeletwa kwa Simu

Wodini siitwi kwa jina langu. Naitwa Social. "Social, kuja hapa." "Social ako wapi?" "Mwambie Social aondoe huyu mzee, tunataka kitanda." Daktari ni Daktari, nesi ni Sista, na mama anayepiga deki huitwa kwa jina la kifungua mimba wake, kwa adabu zote. Mimi ni social worker, afisa wa ustawi wa jamii, lakini jina la kazi yangu limekatwa vipande viwili, nikaachiwa kimoja niitikie.

Nimezunguka hospitali kadhaa, Kitui kwanza, halafu Makueni, halafu nikarudi Kitui. Sisemi haya ninayoyasimulia yalitokea katika hospitali ipi, maana kote mambo ni yale yale. Kote ofisi yangu huwa chumba kilichobaki baada ya wengine kugawana vyumba. Hiki cha wakati ule kilikuwa stoo, na wengi waliendelea kuamini ni stoo. Nilikuwa nikirudi kutoka likizo nakuta nimewekewa vitanda vibovu na kiti cha magurudumu kisicho na gurudumu hata moja. Nimewahi kuketi humo na mjane aliyefiwa asubuhi hiyo hiyo, ameegemea godoro lililotoka pamba, na katikati ya kilio chake mlango ukafunguliwa na mtu aliyekuja kutafuta ngazi.

Ukiwauliza madaktari kazi yangu ni nini, hawatanyamaza. Watakuambia natafuta jamaa za walevi waliookotwa barabarani. Natoa nepi na sabuni. Naitwa kupeleka habari mbaya ambazo wao wameshindwa kuzitamka, halafu nikishamaliza wanapita wakiniuliza, "Amelia sana?" Na wakati sifanyi hayo, wanasema, napiga stori na wagonjwa. Hilo la stori ndilo linaloniuma, kwa sababu ni kweli. Napiga stori. Nimesomea miaka mingi namna ya kupiga stori, na mtihani nilifanya.

Sasa nisikilize habari ya mtoto wa mguu.

Alikuwa mvulana wa darasa la pili hivi, kutoka vilima vya huko mbele ya Kikima. Aliumia muundi akicheza, mguu ukavimba, akakandwa kwa maji moto, akaombewa, akapewa dawa za kumeza za dukani, na alipofikishwa kwetu usaha ulikuwa umeshaingia ndani ya mfupa. Alikuwa na homa ya kumfanya aongee na ukuta. Daktari wa upasuaji alimtazama mara moja akasema mguu ule ufunguliwe, usaha utolewe na mfupa usafishwe, na mapema, kwa sababu wakichelewa mfupa utakufa na itabidi wakate. Maneno hayo aliyasema kwa Kiingereza kando ya kitanda. Mama yake mtoto, msichana mwembamba asiyefika hata thelathini, alielewa neno moja tu, lile la kukata.

Akaletewa karatasi ya idhini. Akakataa kutia sahihi.

Hakukataa kwa kelele. Alisema tu si yeye wa kuamua. Wakamuuliza, basi nani? Akainama akamrekebishia mtoto blanketi. Wakamuuliza, "Baba ya mtoto ako wapi?" Akasema yuko Sultan Hamud. Wakamwambia amwite. Akasema atajaribu. Na hapo ndipo kwenye faili yule daktari akaandika kwa mwandiko wake wa kuku, "Social worker to trace father," akaenda zake kwa mgonjwa mwingine, roho safi, kama mtu aliyekwisha kulipia matibabu.

Wewe unayesoma utauliza kwa nini hakumpasua tu, kwani sheria inamruhusu mama kuamua, na mtoto akiwa hatarini daktari hana haja ya kungoja mtu. Nami nilimuuliza. Daktari huyu alikuwa mtu wa Murang'a, kijana bado, mikono mizuri sana, nasema bila kumpaka mafuta. Lakini huko alikotoka aliwahi kumkata mtu kidole cha mguu, wajomba wakaja na fujo na mwanasheria, na tangu siku ile akawa haogopi damu ila anaogopa ukoo. "Madam," aliniambia, kwa sababu akiwa na shida huwa naitwa Madam, "hii jamii yenu sijui nani huamua nini. Nitafutie huyo baba. I don't want a case."

Nikatafuta baba. Najua unachofikiria, kwamba mtu wa stori angeketi kwanza akauliza. Nilitaka. Lakini asubuhi ile nilikuwa na mama aliyekimbia akaacha mapacha, na mzee aliyekuwa haondoki kwa sababu wanawe walikuwa wamezima simu, na kila mmoja wao alikuwa ni "urgent". Nikampigia chifu wa kwao. Chifu akasema boma hilo analijua, lakini mwanamume hapo hajui. Nikampigia mtu ninayemfahamu mwenye duka la spea pale Sultan Hamud, akanicheka. Mwanamume mmoja, bila jina, mji wa barabarani, malori yanapita usiku na mchana? Nikarudi wodini mikono mitupu, sista mkuu akanitazama kwa jicho lile la kusema, nilijua.

Na wakati huo wote, nje ya wodi, kwenye benchi la saruji, alikuwa akiketi bibi mmoja.

Kila mtu alimjua. Alikuja kila siku na chupa ya uji na muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, kwenye kibakuli chenye mfuniko, nguo safi, kitambaa cha kichwa cheupe. Alikuwa mrefu, na alikuwa akiketi wima, hajiegemezi. Tulijua ni susu wa yule mtoto, nyanya yake, na tukaishia hapo. Wakati wa raundi alifukuzwa pamoja na wageni wengine. Alipouliza kwa Kikamba kama anaweza kuongea na daktari, nesi mmoja alimjibu vizuri kabisa, kwa upole, "Susu, tunangoja baba yake kwanza." Akashukuru akarudi kwenye benchi. Alikuwa akiingia saa ya kulisha wagonjwa, anamlisha mtoto uji, anamwita "mume wangu" kwa utani, maana mtoto alipewa jina la marehemu mumewe, na kengele ikilia anatoka. Mguu ulikuwa umefunikwa na blanketi, na hakuna aliyemfunulia.

Mchana wa pili homa ilipanda tena. Nikamkuta mama mtoto nyuma ya wodi, kwenye kamba za kuanikia, anakamua shuka. Huko nyuma hakuna nesi anayefika. Nikashika upande mmoja wa shuka, tukakamua pamoja. Sikuwa na subira iliyobaki, nakiri, na swali langu halikuwa la mtu aliyesomea.

"Mama, mguu wa mtoto unaoza. Huyo bwana yako yuko wapi?"

Akazungusha shuka mpaka maji ya mwisho yakatoka. Kisha akaniuliza kwa Kikamba mimi ni wa wapi. Nikamwambia. Akauliza kama ni wa kuokoka. Nikamwambia naenda kanisani, lakini sina ubaya na mtu. Akatazama nyuma yangu, hakuna mtu.

"Mimi sina bwana," akasema. "Mimi niliolewa na mama. Yule wa kwa benchi."

Nikaachilia shuka.

Kama wewe si wa huku, nikueleze. Mwanamke wa Kikamba ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume, au hakujaliwa mtoto kabisa, anaweza kuoa. Anapeleka mbuzi, anaongea na wazazi, anamleta msichana nyumbani, na watoto watakaozaliwa na huyo msichana ni wa boma lake, wanabeba jina la mumewe, wanarithi shamba lake. Msichana huyo huitwa iweto. Aliyemzalisha ni nani, hakuna anayeuliza, na huyo mwanamume mwenyewe anajua hana lake. Hata mimi nilipokuwa mdogo jirani yetu alikuwa na iweto, tukicheza na watoto wake, na hakuna aliyetuambia kuna ajabu yoyote. Siku hizi makanisa mengi hayataki kusikia. Kwa hiyo watu wanaendelea kuoa, na wanaendelea kunyamaza.

Akaniambia yote pale kwenye kamba. Aliolewa akiwa na mtoto wa kike, akazaa huyu mvulana na mwingine mdogo. Bibi yule alimpokea kama binti. Lakini ndugu za marehemu mume wa bibi hawajawahi kulikubali hilo. Shamba liko kando ya mto, wanalitaka, na kila siku wanasema boma lile halina mwanamume na watoto wale ni wa barabarani. Sasa yeye mgeni akiweka sahihi peke yake, mtoto akatoka bila mguu, ndugu wale watasema nini? Na bibi je?

"Mtoto ni wake," akaniambia. "Mimi nikiamua peke yangu, nitarudi kwa nani?"

Nikamuuliza kwa nini basi alisema Sultan Hamud. Akafuta mikono kwenye leso. Huko kuna mwanamume mwenye kibanda cha viatu, alifahamiana naye zamani alipokuwa akiosha vyombo kwenye hoteli. "Sista aliniuliza baba ako wapi. Na yeye ni wa kanisa, anavaa ile sare. Ningemwambia nini?"

Nilitoka pale mbio. Daktari alikuwa thieta, anapasua mtu mwingine, hangetoka kabla ya jioni. Nikamwendea sista mkuu. Sista mkuu ni mtu wa huku kama mimi, ana moyo, nimemwona akitoa soda yake akampa mgonjwa. Nikamweleza kwa sauti ya chini. Akafunga faili.

"Social, hayo mambo ya maweto usiniletee kwa wodi. Hiyo si ndoa."

"Sista, sikuulizi kama ni ndoa. Nakuambia mwenye kuamua ameketi hapo nje."

"Daktari alisema baba. Mimi naandika nini? Baba ni mwanamke?"

"Andika mlezi."

"Ongea na Daktari kesho kwa raundi."

Yaani alijua. Nilimtazama usoni nikaona kwamba alikuwa amejua tangu siku ya kwanza, kwa vile bibi alivyokuwa akimwita mkwewe na vile mkwewe alivyokuwa akimpisha kwenye kiti. Mimi mwenyewe nilikuwa nimepita mbele ya benchi lile mara ngapi? Nilikasirika mpaka nikashindwa kula. Nikamwachia daktari ujumbe kwenye simu, mrefu, nikaeleza kila kitu. Baadaye niliambiwa aliuona, akaona ni mrefu, akasema atausoma kesho.

Asubuhi nilipofika, kabla sijafungua stoo yangu, nikamkuta daktari mwanafunzi kwenye ujia anatabasamu kama aliyefaulu mtihani. Kijana mzuri, mwenye bidii, wa aina ya kukuletea kazi.

"Social, relax. Baba tumempata."

"Baba gani?"

"Wa Sultan Hamud. Nilichukua simu ya mama nikatafuta, kulikuwa na number imeandikwa Viatu Sultan Hamud, nikapiga. Jamaa alikuwa poa sana. Amesafiri alfajiri, ako hapo ndani anasaini."

Halafu, kwa nia njema kabisa, akaongeza: "Simu moja tu. Wewe ulikuwa umepiga stori siku mbili."

Sijawahi kukimbia kwenye ujia ule, wala kabla wala baadaye. Mwanamume alikuwa amesimama kwenye meza ya manesi, mtu mfupi mwenye koti la mitumba lililopigwa pasi, na mkononi ana mkate na mfuko wa machungwa. Sista mkuu alikuwa amemwekea karatasi na anamwonyesha mahali. Daktari wa upasuaji alikuwa kando, kofia ya thieta kichwani, anaangalia saa, maana mtoto alikuwa amewekwa wa kwanza kwenye orodha ya asubuhi. Mama mtoto alikuwa amesimama kando ya kitanda akiwa ameshika chuma chake kwa mikono miwili. Na mlangoni, kwa sababu raundi ilikuwa haijaanza na hakuna aliyemfukuza bado, alikuwa amesimama bibi na chupa yake ya uji.

Alikuwa akimtazama yule mwanamume. Hakuhitaji kuambiwa. Mtoto na yule mwanamume walikuwa na masikio yale yale.

Nataka uelewe ni nini kilikuwa kwenye ncha ya kalamu ile. Kwa daktari ilikuwa ruhusa. Kwa bibi yule ilikuwa mwanamume ameandika mbele ya serikali kwamba yeye ndiye baba, na siku ile ile habari ingefika kilimani, na ndugu za mumewe wangesema, si tuliwaambia, mtoto ana kwao, aende kwao. Mguu ungepona na mtoto angepotea.

"Usisaini," nikasema.

Daktari akageuka. "Excuse me?"

"Asisaini, Daktari. Huyu si mwenye mtoto."

"Social, huyu ni baba ya mtoto. Mama amekubali ni baba. Yeye mwenyewe amekubali. I have a septic child na theatre inaningoja. Wewe shida yako ni nini leo?"

"Shida yangu ni kwamba nilikuandikia jana na hukusoma!"

Nilipiga kelele. Sista mkuu alitazama chini. Daktari alikuwa amekunja uso, na nikaona wazi anachokiona: mwanamke mmoja wa ofisi ya vitanda vibovu, anayesimama kati yake na mtoto anayekufa, kwa sababu ya mila. Hakukosea kabisa. Nilikuwa nimesimama hapo, na mtoto alikuwa na homa, na kila neno nililosema lilikuwa linakula dakika zake. Kama yule mwanamume angeshikilia kalamu yake, sijui ningefanya nini. Mpaka leo sijui.

Lakini yeye alikuwa amemwona bibi. Akaiweka kalamu chini polepole. Akavua kofia.

"Mimi niliambiwa mtoto ni mgonjwa, nikaja," akasema. "Sikuambiwa ni kuandika." Akamwelekea bibi, lakini hakumkaribia. "Mwenye mtoto ni mama huyo. Mimi hapa si kwangu."

Daktari akamtazama yeye, akamtazama bibi, akanitazama mimi. "Can someone explain to me what is happening?"

Nikaeleza. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Nilitarajia maswali, au dharau, au somo la sheria. Daktari akasikiliza, akakuna shingo, akasema, "Na si mngeniambia tu ni guardian? Hapa imeandikwa parent or guardian. Tangu juzi." Akamsukumia bibi kiti kwa mguu wake mwenyewe. "Shosho, keti."

Bibi hakuketi. Akasema kitu kwa Kikamba, nikatafsiri: anataka kuona mguu kwanza.

Wakafunua blanketi. Aliuangalia kwa muda, muundi ule uliojaa na kung'aa, kisha akaweka kiganja juu ya goti la mtoto, mahali pazima. Akauliza kama watakata. Daktari akachuchumaa, hilo nampa, akachuchumaa akamwonyesha kwa kidole atafungua wapi, atatoa nini, na ni kitu gani kinaweza kumlazimisha kukata. Akasema hataki kukata. Bibi akauliza, ukiona ni lazima, utatoka kuniambia kwanza? Daktari akasema ndiyo. Bibi akaniangalia mimi, si kwa upendo, bali kama shahidi. Akatoa kidole gumba kitiwe wino.

Hawakukata mguu. Walitoa kipande cha mfupa kilichokuwa kimekufa, na daktari alipotoka thieta alimwendea bibi mwenyewe kwenye benchi kumwambia, nikiwa nyuma yake natafsiri. Mguu utakuwa mfupi kidogo, atachechemea. Labda angefunguliwa siku ya kwanza asingechechemea, labda angechechemea tu. Hilo daktari aliniambia mimi peke yangu, tukirudi. Halafu akaongeza, bila ubaya wowote, akivua kofia: "Social, next time unaniambia mapema, sawa? Hizi delays zenu zinatuumiza."

Delays zetu! Alikuwa amesimama tangu asubuhi na alikuwa ameokoa mguu wa mtu, na mtu akishakuokolea mguu unamwambia nini? Nikaenda kwenye stoo yangu nikakipiga teke kile kiti cha magurudumu kisicho na magurudumu, kikaniumiza kidole.

Yule mwanamume wa viatu alikuwa bado hajaondoka. Nilimkuta jioni karibu na lango, mkate na machungwa bado mkononi. Aliniuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza bei asiyoiweza kama anaweza kumwona mtoto, mara moja tu, halafu aende. Alikuwa na mke na watoto kule, akasema, hakuja kuleta matata. Hajawahi kumwona huyu.

Kuna kitabu kinachonifundisha jibu la swali hilo? Hakuna. Nikaenda kumuuliza bibi. Alifikiri sana. Akasema aje, asimame mlangoni, asiseme neno.

Akaja. Akasimama mlangoni, kofia mkononi. Mtoto alikuwa ameamka kutoka kwenye dawa ya usingizi, amechoka, mguu umefungwa mpaka pajani, bibi anamlisha uji kwa kijiko. Mwanamume alimtazama. Nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake. Kisha akanikabidhi ule mkate na machungwa, akageuka, akaenda.

Mtoto alikuwa amemwona. "Susu, yule ni nani?"

Bibi akakwangua uji uliobaki pembeni mwa kikombe. Mkwewe aliinamisha uso. Mimi nilikuwa nakuja na mkate, na nilisikia vizuri.

"Ni mtu wa social worker," bibi akamwambia. "Kula."

Mtoto akanitazama mimi, akatazama mlango mtupu. "Hao hufanya kazi gani?"

"Hawana kazi," bibi akasema. "Huja tu kuona kama umepona."